Kihori cha Bahasha

Asubuhi ile ya Jumanne vihori vyote vya zizi la Mwalugesha vilifunguka, isipokuwa kimoja.

Kengele ililia kama kawaida. Ng'ombe wakajipanga wenyewe, kila mmoja akaingiza kichwa kwenye nafasi yake, hereni za masikioni zikasomwa, na vifuniko vya chuma vikateleza pembeni kimoja baada ya kingine. Ndani ya kila kihori mlikuwa na chakula kilichopimwa kwa ajili ya tumbo hilo na si jingine: mabua yaliyosagwa, pumba za mpunga, mashudu ya pamba, molasi kidogo ya kulainisha. Wanyama wakaanza kutafuna, na zizi zima likajaa ile sauti ambayo mfugaji akiisikia moyo wake hutulia.

Bahasha naye aliingiza kichwa. Hereni yake ikasomwa. Taa ndogo juu ya kihori ikawaka njano, ikabaki njano, na kifuniko hakikusogea. Alisubiri. Akakilamba. Akageuka kushoto, akamwona jirani yake, mtamba wa Mama Sayi, akila nusu kipimo chake kwa haraka, akarudi kukilamba kile chuma tena.

Alikuwa ng'ombe mwekundu, mfupi, mwenye baka jeupe la pembe nne usoni, ndiyo maana akaitwa Bahasha. Urembo hakuwa nao. Mbavu zilimtoka na kiwele chake kilikuwa kidogo, lakini tangu azae hakuwahi kumkatalia mtu kumkamua.

Limi Luhende alisimama nje ya uzio, kishikwambi mkononi, akijifanya anasoma. Alikwisha kusoma tangu alfajiri: Bahasha, kundi la Ngollo, hasara, kihori kifungwe, lori la machinjioni la Alhamisi. Yeye ndiye mpangaji wa lishe wa kijiji, aliyesomea kazi hiyo mjini na kurudi na koti la kijani lenye jina lake kifuani. Na huyo Ngollo wa kwenye kioo ni mama yake mzazi.

Mwenyewe ndiye aliyekuwa akija, ndoo ya kukamulia mkononi, kanga imefungwa vizuri kiunoni.

"Mwangaluka," akawasalimu watu wa zizini, kisha akamwona ng'ombe wake. "Mbona hakifunguki?"

"Mayu, njoo pembeni kidogo."

"Nimeuliza mbona hakifunguki. Kuniita pembeni si jibu."

"Mizani imemfunga."

Ngollo aliitazama ile taa ya njano kwa muda, akaitazama na koti la kijani. "Mizani ndiyo nani?" akasema. "Mimi namwona mwanangu tu hapa."

Mizani hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya kompyuta, na ilikuja Mwalugesha pamoja na kampuni ya mashudu, mwaka ule nyika ilipofungwa ili ipumzike. Kabla ya hapo wafugaji walikuwa wakifukuzana na majani yasiyokuwepo, na mifugo ilikuwa inalala chini njiani na haiamki. Kampuni ikasema: leteni ng'ombe wote kwenye zizi moja, sisi tutaleta chakula kwa mkopo, programu itapanga nani ale nini, na mauzo yatalipa. Watu walinung'unika, wakaleta. Msimu wa kwanza mafahali walitoka zizini wamenona hadi ngozi inang'aa, na siku hiyo Limi alicheza ngoma mpaka viatu vikakatika. Aliiamini Mizani, na hata asubuhi ile bado alikuwa anaiamini, jambo lililomfanya ajisikie vibaya zaidi.

Kila ng'ombe alikuwa na kidonge tumboni kilichopima joto na uyeyushaji wa chakula. Kila alipopita getini, sakafu ilimpima uzito. Kutokana na hayo Mizani ilijiuliza swali moja tu kila alfajiri: kilo hii ya chakula nikimpa huyu, itarudi na nini? Ikirudi na nyama au maziwa yenye thamani kuliko yenyewe, kifuniko kinafunguka. Isiporudi, taa ya njano.

Na maziwa yaliyohesabiwa yalikuwa yale yaliyoingia kwenye tangi la kampuni. Yaliyoingia kwenye kikombe cha mtoto yalikuwa sawa na yaliyomwagika.

"Una haki ya kupinga mpaka lori liondoke," Limi alisema, akitumia sauti ya kazini kwa sababu ya nyumbani ilikuwa imemkauka. "Unaweka dole gumba hapa, unatoa ng'ombe mwingine aende badala yake."

"Ng'ombe mwingine yupi?"

Limi aligeuza kioo cha kishikwambi upande wake.

"Nakuuliza, mtaalamu. Nina ng'ombe mwingine yupi?"

Ngollo akachuchumaa, akaanza kumkamua Bahasha palepale mbele ya kihori kilichofungwa. Maziwa yalitoka kidogo kidogo, na ng'ombe aliendelea kulamba chuma.

*

Kabula alikuwa mtoto wa Minza, dada yake Limi. Alizaliwa siku ya mvua, na mvua ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kuonekana Mwalugesha. Mama yake alimwona kwa nusu siku tu, akafariki. Tangu hapo mtoto alikuwa akilelewa na bibi yake, na maziwa ya Bahasha ndiyo yaliyomfikisha umri wa kuanza kushika ukuta na kusimama.

Mchana ule alikuwa amekaa mkekani, kikombe cha bati mikononi, pua ndani ya kikombe. Alipomaliza alikigeuza juu chini kuhakikisha, akacheka.

"Mtazame," Ngollo alisema. "Halafu uniambie hasara iko wapi."

Limi alimtazama. Aliitazama miguu yake zaidi, maana miguu ndiyo ilianza kuvimba mara ile. Msimu wa nyuma Ngollo alijitahidi kuwa mwanachama mwema. Alipeleka maziwa yote tangini, na mtoto akampa uji mtupu. Nywele za Kabula zikawa nyekundu na kunyooka, miguu ikavimba, akaacha kucheka. Nesi wa zahanati hakuzungusha maneno. Alisema ni kwashakoo, mtoto anataka maziwa, na maziwa ya kopo dukani yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Ngollo akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo tone la Bahasha halikuiona tena njia ya tangini.

"Basi iambie hiyo Mizani yako kwamba kuna mtoto anakunywa."

"Hakuna mahali pa kumwandika mtoto, mayu."

"Hakuna mahali? Mashine inayojua kinyesi cha ng'ombe wangu kina maji kiasi gani, haimjui mtoto?"

"Nimewapigia simu kampuni. Nimewapigia alfajiri, nimewapigia na mchana huu." Limi alikumbuka ile sauti laini ya kiume upande wa pili, iliyomwita dada Limi kila baada ya neno, ikampa pole nyingi, ikamwambia kwamba uzuri wa programu ni kuwa haina upendeleo. "Wanasema mpango ukipungua faida chini ya mstari, mashudu hayaji kabisa. Si kwako tu. Kwa kijiji kizima."

"Kwa hiyo mjukuu wangu afe ili mafahali wa tajiri Jilala wanone."

"Sijasema hivyo!"

"Hujasema. Umeandika." Ngollo alichukua kikombe mikononi mwa mtoto, akakisuuza kwa maji kidogo, akamnywesha yale maji meupe. Kisha, bila kumtazama binti yake, akasema taratibu, "Si wewe ndiye unayeandika? Yale maziwa ya tangini, nani alileta kiasi gani. Si unaandika wewe?"

Limi aliangalia mlangoni kama kuna aliyesikia. "Usiniambie hivyo tena. Watu hawa wameniamini."

"Nami nimekuzaa," Ngollo akajibu. "Sijui kipi kina uzito kwenye mizani yako."

*

Jumatano jioni, jua likiwa bado halijazama, Limi alibaki peke yake kwenye chumba cha ofisi pembeni mwa zizi. Wengine walikwisha kwenda. Alifungua ukurasa wa jaribio, ambao wapangaji huutumia kuona mambo kabla ya kuyathibitisha. Alijiambia anaangalia tu. Watu wengi wazuri wameanza kwa kuangalia tu.

Akaandika kwamba Bahasha ameleta maziwa tangini siku zote za wiki.

Mizani haikumuuliza umeyatoa wapi. Hesabu za tangi ilizilinganisha kila Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumatano. Taa ya Bahasha kwenye kioo ikageuka kijani. Limi alijikuta ametabasamu peke yake, mkono mdomoni.

Lakini programu ile ilikuwa na tabia moja mbaya, au nzuri, sijui niiteje. Chakula cha kijiji kilikuwa kile kile kilichopimwa, hakiongezeki, kwa hiyo ukimfungulia mmoja ilikuonyesha papo hapo nani atafungiwa. Haikukuficha. Jina lilitokea chini ya kioo kwa herufi za kawaida kabisa: Lami, kundi la Jilala.

Limi alimjua Lami. Alikuwa ng'ombe jike mweusi tii, mwenye mgongo mpana, mtulivu. Alikuwa hakamuliwi kwa sasa, ana mimba kubwa. Jilala ndiye aliyekuwa na kundi kubwa kuliko wote Mwalugesha, mafahali wake walilipa vizuri, na kundi linalolipa vizuri Mizani iliruhusu libebe ng'ombe mmoja asiyelipa. Lami ndiye huyo aliyebebwa. Na chakula kikipungua, wanaobebwa ndio wa kwanza kushushwa.

Mbele ya jina paliandikwa maelezo zaidi. Kwa kuwa Lami alikuwa mnene, bei yake ilikuwa kileleni, na kila siku atakayolishwa kuanzia sasa itapunguza faida. Kwa hiyo asingesubiri. Angepanda lori la kesho. Kuhusu mimba, programu ilisema: ndama, faida ya msimu ujao, haimo katika mpango huu.

Limi alisoma mstari huo mara ya pili. Kwa Wasukuma waliomlea, ng'ombe mwenye mimba hachinjwi, na ukimwona mtu anafanya hivyo unajua nyumba yake imeingiwa na njaa au wazimu. Alisimama, akatembea hadi dirishani, akarudi.

Jilala atapinga, alijiambia. Atafika asubuhi, ataona taa ya njano, atapiga kelele zake, ataweka dole gumba na kutoa fahali mzee badala ya Lami. Ana mafahali tele, mmoja hatamwumiza. Lami atabaki, Bahasha atabaki, Kabula atakunywa. Kadiri alivyoliwaza jambo hilo ndivyo lilivyozidi kuonekana la haki, na hapo ndipo angepaswa kushtuka.

Akathibitisha.

*

Alhamisi kihori cha Bahasha kilifunguka. Ngollo alishika shavu, akatazama pumba na mashudu, akamgeukia binti yake. Hakuuliza kitu. Alimpapasa ng'ombe shingoni, akachuchumaa kukamua, na Limi alisikia maziwa yakipiga ndoo kwa nguvu iliyokuwa haijasikika siku nyingi.

Upande wa pili wa zizi Lami alikuwa amesimama mbele ya taa ya njano, anasubiri kwa adabu.

Lori lilifika. Limi akatafuta kofia ya Jilala kati ya watu, hakuiona. Akamwendea mchungaji wake, Makoye.

"Mzee yuko wapi?"

"Hujasikia? Amekwenda msibani kwa wakwe zake tangu jana. Atarudi kesho." Makoye alionekana amechanganyikiwa. "Limi, kuna kosa hapa. Lami ana mimba. Mzee aliniambia huyu nimtunze kuliko wote."

"Mpigie."

"Nimempigia. Kule hakuna mtandao."

Dole gumba la Makoye halikuwa na kazi kwenye kishikwambi. La Jilala tu ndilo lingepinga. Na la mpangaji wa lishe, ikiwa atafuta alichoandika jana.

Limi alikuwa amekishika kile kishikwambi. Ukurasa ulikuwa wazi. Angefuta maziwa ya uongo, Lami angeshuka na Bahasha angepanda nafasi yake, maana lori halikuwa likiondoka na nafasi tupu. Ilikuwa kazi ya kugusa mara moja. Wapakiaji walikuwa wamekwisha kumfunga Lami kamba, wanampandisha kwenye ubao, naye alikuwa anapanda kwa shida, tumbo likimyumbisha.

Nyuma yake maziwa yaliendelea kulia ndooni.

"Limi," Makoye akasema, "fanya kitu basi. Wewe si ndiye mwenye hii mashine?"

"Mizani imepanga," Limi akajibu. Sauti ilimtoka laini na ya upole, na akaitambua. Ilikuwa sauti ya yule bwana wa kampuni.

Mlango wa nyuma wa lori ukafungwa. Lilipoondoka, Limi alifuta vumbi kwenye kioo kwa pindo la koti la kijani, akarudi kazini.

*

Jumamosi alfajiri Mizani ililinganisha hesabu na tangi. Haikumwita mtu mwongo, haikupiga kelele. Ilisahihisha tu. Maziwa ya Bahasha yakafutwa, taa yake ikarudi njano, na chakula chake chote kikahamishiwa kwa jirani yake wa kushoto, yule mtamba wa Mama Sayi aliyekuwa akipewa nusu kipimo. Lori liliandikwa Jumapili.

Limi alikuwa bado na koti mwilini, amekaa uani kwa mama yake akitafuta namna ya kumweleza, Jilala alipoingia getini.

Hakuwa na kofia. Alikuwa amevaa suruali ile ile ya msibani, imejaa vumbi la safari, na begani alikuwa amebeba ngozi mbichi, nyeusi, iliyokunjwa na kufungwa kamba. Damu ilikuwa imemkaukia shingoni. Alipita mbele ya Limi asimwangalie, akafika mlangoni kwa Ngollo, akaitua ngozi chini, akaikunjua polepole mpaka ikalala yote, nywele juu.

Ngollo alitoka na Kabula mgongoni. Alipoiona ngozi alisimama ghafla. Mtu yeyote wa rika lake aliijua maana yake. Mwenye kutunza ng'ombe wa mwenzake, ng'ombe huyo akifa, humpelekea mwenyewe ngozi na kumweleza alivyokufa. Mwenyewe akiridhika husema wabeja, yaani asante, na neno linaishia hapo.

"Shemeji," Ngollo alisema, "umekosea nyumba. Mimi sina ng'ombe kwako."

"Unaye. Ulikuwa naye." Jilala alipiga goti moja, kwa shida. "Mama yake Lami aliletwa kwangu na marehemu Luhende, mumeo. Tulikuwa wawili tu. Akaniambia, mtunze, usimtaje kwa mtu, hata kwa mke wangu. Siku nyumba yangu itakapokuwa na mtoto na haina maziwa, wapelekee. Yule mama alizeeka kwangu, akaniachia Lami. Amana ya mumeo imekufa mikononi mwangu, Ngollo. Ngozi yake hii hapa. Nimeifuata machinjioni mwenyewe."

Kabula alijinyoosha mgongoni mwa bibi yake, akataka kuishika ile ngozi.

"Mtoto tunaye tangu lini?" Ngollo aliuliza. "Maziwa tumekosa tangu lini? Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja azae. Alikuwa amebakiza siku za kuhesabu. Ningekuletea ng'ombe asiyekamuliwa, angeandikwa kwenye kundi lako, na kundi lako lina Bahasha peke yake, lingembebaje? Kihori kingefungwa siku hiyo hiyo. Kwangu mafahali walikuwa wanambeba. Nilitaka nimlete akiwa na ndama wake ubavuni na kiwele kimejaa." Hapo ndipo alipomgeukia Limi kwa mara ya kwanza. "Na wewe, ng'wanone, mwanangu, ndiye niliyekuogopa. Ningekuambia, ungelazimika kuandika. Nikasema mtoto wa Luhende nisimweke kwenye mtihani huo."

Limi alianza kufungua vifungo vya koti la kijani.

"Ndama alikuwa jike," Jilala aliongeza. "Walinionyesha."

Ngollo aliishusha kanga, akamweka Kabula chini. Alikuwa analia bila kujificha. "Amekufaje?" akauliza. Hilo ndilo swali ambalo mwenye ng'ombe ana haki ya kuuliza, na mtunzaji hana haki ya kulikwepa.

"Sijui," Jilala alisema. "Hiyo ndiyo aibu yangu. Nilimwacha yuko salama, nimerudi nimekuta amepandishwa lori. Wanasema Mizani ilipanga."

Mara ile Limi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Mashine yenyewe ilikwisha kusahihisha na kuendelea na shughuli zake.

"Si Mizani," akasema. "Ni mimi. Niliandika maziwa ya uongo ili Bahasha ale. Ikanionyesha jina la Lami, nikaliona. Nikaona na mimba. Nilidhani baba utapinga. Halafu Alhamisi nikajua haupo, na ningeweza kufuta, nikasimama pale pale mpaka lori likaondoka." Akavuta pumzi. "Na leo Bahasha amefungiwa tena. Nimeua mmoja na sijamwokoa mwingine."

Alingoja apigwe. Alitaka apigwe. Jilala aliinamisha kichwa tu, akaanza kuing'oa damu kavu shingoni kwa kucha.

Hapo akasikika Kabula. Alikuwa ametambaa hadi kwenye kikombe chake cha bati, amekigeuza, hakuna kitu, akaanza kulia. Si kilio cha kudeka. Ni kile cha njaa, kisicho na machozi mengi.

"Basi mweke Bahasha kwangu," Jilala alisema haraka, akisimama. "Nafasi ya Lami iko wazi. Mafahali wangu watambeba yeye sasa. Andika kwamba nimemchukua. Ng'ombe ni wangu kwa jina, maziwa ni ya mtoto. Ndivyo tulivyotunziana siku zote, au siyo? Lete nibonyeze."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne Limi alihisi kuna pa kushika. Alikitoa kishikwambi, akafungua ukurasa wa jaribio, akamhamisha Bahasha kutoka kundi la Ngollo kwenda kundi la Jilala. Taa ikageuka kijani.

Kisha jina likatokea chini.

Hakulisoma kwa sauti. Alikigeuza kishikwambi wote wawili wakione. Mtamba, kundi la Mama Sayi. Chakula kilikwisha kuhamia kwake asubuhi ile, na Mizani ilikwisha kuona kwamba kumpa tena nusu ni kumpotezea muda: ama ashibe, ama apande lori.

Mama Sayi alikuwa mjane wa nyumba ya tatu, mkaanga vitumbua, mwenye watoto wanne na mtamba mmoja. Wote watatu walimjua vizuri. Kila mmoja wao alikwisha kula vitumbua vyake kwa ahadi ya kulipa kesho.

"Bonyeza," Jilala alisema, lakini hakunyoosha kidole.

Limi alimtazama mama yake. Ngollo alikuwa amempakata Kabula juu ya ile ngozi, mtoto amenyamaza kidogo, ananusa nywele nyeusi na kuzivuta.

"Kizime hicho," Ngollo akasema. "Mwite Mama Sayi."

"Mayu, tukimwambia atakataa. Una mtoto wa kumlisha leo."

"Basi akatae. Akatae akiwa amesimama hapa, anamwona huyu, na sisi tunamwona yeye. Baba yako alificha, shemeji akaficha, wewe ukaficha. Mimi sitakwenda kumtandikia Mama Sayi ngozi mlangoni." Akafuta uso kwa kiganja. "Nenda, Limi."

Limi aliliacha koti la kijani juu ya kigoda, akatoka.

Hakufika mbali. Mama Sayi alikuwa anapanda njia kutoka zizini, anatembea kwa kasi, kanga moja mkononi, na alipomwona Limi alianza kupunga kwa mbali.

"Limi! Limi mwanangu! Umekiona kihori changu leo?" Alifika akihema, akamshika mikono yote miwili. "Kimejaa! Mpaka juu! Nilisema mimi, nilisema, Limi hawezi kutusahau. Mungu akubariki, mtoto wa Luhende."

"Mama Sayi," Limi alisema, "njoo nyumbani kidogo. Mayu anakuita."

"Kuna nini? Kuna habari njema nyingine?"

Limi alimshika mkono, akaanza kumwongoza kuelekea getini, na Mama Sayi akamfuata, bado anacheka.